Mume wangu hakukaidi, alikata tamaa

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu wanangu wako shule ya msingi na sijawahi kukuandikia. Ila ile habari ya wiki iliyopita, kuhusu wagonjwa wa kisukari "wanaokaidi maagizo ya daktari", imenichoma.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, Kampala hadi Juba. Mwaka jana alikatwa mguu chini ya goti. Habari yenyewe alipewa jioni, daktari amesimama: "Mzee, kesho tunakata." Akahamia kitanda cha pili, tukabaki na karatasi ya kutia sahihi. Nyumbani hakulia wala hakulalamika. Friji hatuna, kwa hiyo insulini naiweka ndani ya mtungi wenye mchanga, na kila asubuhi naumwagia maji. Siku moja nikagundua chupa haijashuka na mabomba ya sindano hayajapungua hata moja. Nilipomuuliza akasema, "Mama watoto, nijidunge ili nikaendeshe nini?" Siku ya kliniki sukari ikasoma 24, juu mno. Muuguzi akampigia kelele mbele ya foleni nzima: "Huyu mzee anataka kufa!" Mhariri, alilosema lilikuwa kweli tupu, na hakuna hata mmoja pale aliyevuta kiti akamuuliza kwa nini! Mume wangu aliinamisha kichwa, akawa anakunjakunja ule mguu mtupu wa suruali.

Nchi hii haiwezi kusema haijui la kufanya. TASO, shirika la kuwasaidia wenye VVU, ilipoanza mwaka 1987 dawa za kufubaza VVU hazikuwepo Uganda. Walichokuwa nacho ni kukaa na mgonjwa na kumsikiliza. Hadi leo anayekutwa na VVU huketishwa na mshauri. Hospice Africa Uganda, tangu 1993, wanamfuata mgonjwa wa saratani hadi kwake na morfini ya kunywa, na hawaondoki bila kumjulia hali ya moyo. Kwa nini wa sukari, wa figo na wa presha waishie kupewa orodha ya vyakula?

Na hizi taksi nazo! Konda alitutoza nauli ya mtu wa tatu eti kwa sababu ya magongo. Mtu akifedheheshwa hivyo njiani, kliniki ijayo ataenda na moyo gani?

Siku hizi anajidunga. Jirani yetu, aliyepoteza mguu kwenye ajali ya boda, huja jioni wanacheza mweso, ule mchezo wa bao. Sukari hajawahi kuitaja.

Tukilalamika tunaambiwa wataalamu wa akili ni wachache na hospitali ya akili ya Butabika ni mbali. Siombi mtaalamu. Naomba kila siku ya kliniki kitengwe chumba chenye mlango unaofungika na viti viwili, na humo akae mtu aliyekatwa mguu zamani ambaye bado anafanya kazi. Aonane na mgonjwa kabla ya ile karatasi ya sahihi, na alipwe nauli na chai.

Mke wa mgonjwa,
Bombo