Madoa ya furu

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Rehema wangu,

Salamu zako mama amezipata, anauliza utakuja lini ule matobolwa. Sisi hatujambo.

Kuna neno katika barua yako limenikaa rohoni. Umesema uliwafundisha wanafunzi kwamba sehemu kubwa ya vinasaba vya mwanadamu ni takataka. Sikulaumu, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini jana nilikuwa mwaloni, na nilitamani ungekuwepo.

Mama mmoja alikuwa akichambua dagaa na kuwatenga furu, wale samaki wadogo wa ziwani, waliochanganyika humo. Nikamwomba dume mmoja, mdogo kama kidole, nikalikunjua pezi lake la chini, lile lililo karibu na mkia, kwa ncha ya ukucha. Madoa matatu ya manjano, ya mviringo, kila moja na ukingo wake mwangavu. Ungeapa ni mayai! Jike la furu hulea mayai mdomoni. Akishayataga huyaokota, kisha huyadonoa hayo madoa ya dume, na hapo dume humwaga mbegu zake, mayai yakarutubishwa mdomoni humohumo.

Sasa sikiliza. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba kando ya jeni iitwayo fhl2b, mababu wa furu hawa na jamaa zao wa Ziwa Nyasa waliingiliwa na kipande cha vinasaba kinachohama. Kipande hicho kikaigeuza jeni, ikaanza kufanya kazi katika seli za rangi, pale pezini. Hicho ndicho tunachokiita takataka, Rehema.

Ukiwaeleza watoto namna vinavyohama, anza na shamba. Vingine huhama kama miche ya mpunga: kimeng'enya hukichomoa kipande kilipokuwa na kukipandikiza kwingine. Vingine ni kama marando ya viazi: shina linabaki palepale, kinachokwenda ni nakala, kwanza ya RNA, yaani nakala ya muda, halafu inageuzwa kuwa DNA, ndiyo vinasaba vyenyewe, na kupachikwa mahali papya. Ndiyo maana hivi vya pili huongezeka sana. Kimoja chetu wanadamu, Alu, kina herufi za DNA kama 300 tu, lakini kila mmoja wetu ana nakala zake zaidi ya milioni moja.

Mtafiti Barbara McClintock aliligundua hili la vipande kuhama miaka ya 1940 huko Marekani, kwa mahindi tu. Alifuatilia punje zenye mabaka na kuona kipande kinachoingia ndani ya jeni ya rangi na kuizima, kisha kikitoka rangi hurudi. Kimoja, Ds, hakikuweza hata kuhama bila kingine, Ac, kuwepo. Wenzake wengi hawakumwelewa. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983, akiwa na miaka 81. Kila nikimfikiria huyu mama peke yake na magunzi yake, moyo unanijaa.

Kuna na upande wa hatari, usiuache. Umewahi kuona mtoto akinakili ubaoni, mistari miwili inaanza kwa maneno yaleyale, jicho linarukia wa chini na ya katikati yote yanapotea? Kromosomu nazo zinapobadilishana vipande, nakala ya Alu ya hapa huweza kulingana kimakosa na ya kule. Kilicho katikati kinakatika, au kinajirudia mara mbili. Jeni ya kipokezi cha kolesteroli huharibika hivyo katika baadhi ya familia, na wenye hitilafu hiyo hupata maradhi ya moyo mapema.

Sisemi kila kipande kina kazi. Vingi vimekwama, havihami tena. Ila neno takataka litoe kwenye daftari zao, tafadhali.

Yule furu nimemtia kwenye chupa ya spiriti kwa ajili ya darasa lako, mdogo wangu atakuletea akija huko. Manjano haidumu humo, kwa hiyo nimelichora pezi kwa penseli za rangi usiku uleule. Mchoro umo ndani ya bahasha hii.

Wako,
Pendo