Mwanangu, nachora mama na mtoto

Mama, hujambo? Na mgeni wetu hajambo? Ile video ya kumwogesha nimeiangalia mpaka simu imezima chaji. Ni usiku, nimetoka kazini, nakuandikia maana kwenye simu tukianza tu unalia na mimi nalia, hatumalizi neno.

Nimeanza kujifunza kuchora kwa rangi za mafuta. Mwalimu alisema kila mtu achague picha moja ya zamani aikopi mwanzo mwisho, mimi nikachukua ya Van Gogh, yule mchoraji wa Kiholanzi, ile ya Madame Roulin na mtoto wake, ipo hapa hapa New York pale makumbusho ya Metropolitan na sisi wakazi kiingilio tunalipa tunachoweza, basi siku ya ofu nikaenda nikasimama mbele yake mpaka miguu ikauma. Wala si kubwa, sentimita 63 kwa 51 hivi. Aliichora Arles kule Ufaransa mwaka 1888, mama anaitwa Augustine, mumewe Joseph alikuwa mtu wa posta, na katoto ni Marcelle, kamezaliwa Julai kwa hiyo pale kalikuwa na miezi minne hivi, yaani mashavu yale mama, ni ya wako kabisa!

Nilidhani kigauni cha mtoto ndo rahisi, si cheupe tu. Nikapaka nyeupe, nikaweka kijani cha gauni la mama pembeni, kijani kikaingia kwenye nyeupe, nikasugua kukitoa, ikawa tope. Mwalimu akanipa kisu akasema kwangua yote. Niliumia lakini nikakwangua. Sasa nimeshika: tabaka la kwanza unalainisha na tepentaini liwe jepesi, mafuta mengi yanakuja juu, ukigeuza rangi itakuja kupasuka, na brashi ikishagusa iache, usirudie rudie. Van Gogh aliiweka nzito hivyo hivyo, njia ya brashi unaiona mpaka leo.

Kazi ipo kwenye mikono. Huyu mama hajamkumbatia mtoto kifuani, kamshika kamgeuzia kwetu kama anasema huyu hapa mtazameni, sura yake yeye kaiweka pembeni. Nimeichora mikono ile mara nne na mara zote ilikuwa kama imeshika mfuko wa unga. Juzi nikasimamisha video yako pale unapomtoa kwenye beseni, nikaona vidole vyako vimetanuka chini ya kwapa zake, dole gumba limegusa kidogo kifuani, maji yanatiririka mpaka kwenye kiwiko, na yeye katulia tuli. Ndivyo bibi yako alivyokushika wewe wiki uliyozaliwa, mimi nimelala sina nguvu namwangalia tu. Wewe nani alikuonyesha mama? Maana mimi sikuwepo. Likizo niliomba mara mbili kazini wakanikatalia, na hilo linaniuma kila siku, sitaki kukuficha.

Kuna kitu kingine nimekipenda sana. Van Gogh mwenyewe alikuwa anakopi. Alipokuwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Saint-Rémy, huko huko Ufaransa, alichora upya picha za Millet, mchoraji Mfaransa aliyemtangulia, moja ni ya mtoto anaanza kutembea, mama kamshikilia kwa nyuma, baba kapiga goti na mikono kaifungua. Hiyo ni 1890, alikuwa na picha yake ya nyeusi na nyeupe tu, mdogo wake Theo ndo alimtumia, kwa hiyo rangi zote kazitoa kichwani mwake.

Basi na mimi gauni la kijani nimeliacha kama lilivyo, ukuta wa njano vile vile, lakini mikono nataka iwe yako. Mwambie mumeo akupige picha umembeba hivyo, umemgeuza kwake, mkae karibu na dirisha asubuhi, asiwashe flashi. Sura zisiwemo kama hujachana nywele, nataka mikono tu, na bangili ya bibi usiivue. Rangi itachukua miezi kukauka, ikikauka naifunga vizuri nakutumia, muiweke pale juu ya kitanda chake.

Mama yako