Ukiambiwa Mpige, Shuka

Mwanangu,

Umesema kwenye simu kwamba mkataba umeshautia saini na Jumatatu unaanza kazi kwenye mabanda ya farasi ya huyo mwalimu. Hongera. Nimefurahi, ila moyo haujakaa. Naandika kwa kuwa kwenye simu ungenikatiza.

Neno langu ni mjeledi.

Najua utasema mama ameanza tena. Naam, nimeanza. Habari zile za mwaka 2024 za Charlotte Dujardin, yule bingwa wa dresaji, mashindano ya kumwongoza farasi kwa hatua za kupangwa, bado zimenikaba kooni. Alitwaa dhahabu London 2012 na Rio 2016 juu ya farasi Valegro, na alama zao za asilimia 94.3 za mwaka 2014 uliziimba humu ndani mpaka baba yako naye akazishika. Halafu ikatoka video, anamchapa farasi miguuni huku mwanafunzi yuko juu. Akajitoa kwenye Olimpiki ya Paris siku chache kabla ya kuanza, akafungiwa mwaka mzima, akatozwa faranga 10,000 za Uswisi. Wewe ukanijibu, "Si ameadhibiwa, mama? Yameisha." Kwangu hayajaisha, kwa sababu sikuwa namwaza yeye. Nilimwaza yule aliyekuwa juu ya tandiko. Mwalimu wako ni bingwa, wewe umekuja kujifunza, utafungua mdomo useme nini?

Kuanzia Jumatatu aliye juu ya tandiko ni wewe.

Jumamosi nilishindana nikiwa juu ya farasi wetu Tulia, ngazi ile ile ya chini ambayo nimeikalia miaka sita kama kuku wa mayai. Asilimia 61.4. Cheka, kisha endelea kusoma. Tuliingia kwa herufi A, tukasimama pale X, na unajua mama yako na X. Herufi za pembeni zimesimamishwa unaziona, hiyo ya katikati ya uwanja haina kibao, unaikisia kwa E na B. Mguu wake wa nyuma wa kushoto ukabaki nyuma, nikapewa 5 kati ya 10. Haki yangu. Mwendo wa matiti, ule wa kukimbia polepole, ulikuwa wa kawaida. Shoti tuliianza tumechelewa, kosa langu, nilikuwa nawaza kona inayofuata.

Lakini ule mwendo wa kutembea huru! Tulipokata uwanja nikaziachia hatamu zipite vidoleni. Kwa kawaida hunyoosha shingo nusu halafu akainua kichwa kunisubiri nimfanye kitu. Safari hii aliishusha, akaishusha, mpaka pua ikawa karibu na mchanga, nikaona vumbi linaruka mbele yake kila akipumua. Masikio yamelegea. Nikapewa 8, na alama hiyo huzidishwa mara mbili. Mimi niliyezoea 6! Nilitoka uwanjani nalia, watu wakadhani nimeshinda. Nilikuwa wa tisa.

Ile karatasi nyingine ya alama, ya zamani, yenye maneno "mkono mzito", bado iko kwenye droo ya jikoni. Miaka yote nilikuwa nasema mwamuzi yule haoni vizuri. Anaona vizuri sana. Na siku ile kabla sijaingia, kule nyuma ya magari, wewe ulikuwa umeshika ndoo. Hatujawahi kulizungumza na leo pia tuliache. Ila nikwambie tu, mpaka leo ukimpitia Tulia ubavu wa kushoto na kitu chembamba mkononi, hata ufagio, anabana mkia. Juzi nilipita na kijiti cha kufungia nyanya, akabana mkia.

Kwa hiyo ukiambiwa mpige, shuka. Usibishane, wala usihutubie, maana ulimi wako naujua. Toa miguu kwenye vikuku, shuka, legeza mkanda wa tumboni, mrudishe bandani. Wakikufukuza umefukuzwa. Mjeledi ule mrefu ni wa kugusa, kama mtu anavyomgusa mwenzake bega amgeuze. Ukishainuliwa juu ya bega lako si wa kugusa tena.

Utaniambia wapandaji wa juu wana nguvu za miguu na mgongo ambazo mimi sina. Na Lis Hartel je? Polio ilimwacha hana nguvu kuanzia magotini kwenda chini, alikuwa akisaidiwa kupanda na kushuka, na mwaka 1952 kule Helsinki, mara ya kwanza wanawake kuruhusiwa kwenye dresaji ya Olimpiki, akachukua fedha. Farasi wake, Jubilee, alimsikia bila kubanwa na mashavu ya miguu. Mimi nilikuwa na miguu yote miwili mizima na bado nikahitaji fimbo.

Mengine ni madogo. Ukanda wa puani uache nafasi ya vidole viwili juu ya mfupa, na uvipitishe kweli, usikisie kwa macho. Kila asubuhi pitisha kiganja miguuni mwake kabla hujamtoa bandani. Joto utalihisi kabla hujaona kuchechemea. Kofia uvae hata kama wakubwa wa pale hawavai. Kula.

Unakaa kwenye tandiko vizuri kuliko mimi. Sijawahi kukwambia kwa sababu ungevimba kichwa, na tayari kimevimba kiasi: umeondoka hujaosha hatamu, lijamu nimeikuta na majani makavu ya juzi, na baba yako umemuaga kwa mkono kupitia dirisha la gari. Mpigie. Goti lake limerudi kuuma, anajifanya haliumi, anapanda ngazi kwa mguu mmoja akidhani silisikii hilo. Komeo la geti bado halijarekebishwa, nalifunga kwa kamba. Shangazi yako anataka kuhamia chumbani kwako "kwa wiki mbili", nawe unajua wiki zake. Godoro nimeliegesha ukutani asilione.

Fundi wa kwato anakuja Alhamisi, wiki ya saba sasa, kwato za mbele zimeanza kurefuka. Nitamshika Tulia mwenyewe. Sasa naanza kumzoesha, nashika kijiti, nasimama mbali, nampa karoti, nasogea hatua moja. Jana tulifika hatua nne.

Kwenye kifurushi kuna glavu zako, soksi, na kofia mpya. Ile ya zamani ilianguka chini mara mbili, usiivae tena. Nauli ya kurudi nimeishona chini ya kitambaa cha ndani cha hiyo mpya, upande wa kisogo. Usiitoe kununulia vitu.

Mama yako