Jumamosi: karata na hesabu za uwezekano

Habari za jioni, ndugu wanakikundi. Kikao cha Jumamosi kipo palepale, ila ukumbi umechukuliwa na watu wa harusi. Tutakutana barazani kwangu, Ntinda, saa 9 alasiri. Saa 9 kweli, jamani, si saa 10 na "niko njiani".

Mada ni karata. Kwenye matatu, ule mchezo wa karata, kila mchezaji anagawiwa karata 7: je, uwezekano wa kupata angalau ree moja (karata ya A, ziko 4 kati ya 52) ni upi? Wengi watazidisha 7 kwa 4/52 wapate karibu asilimia 54. Sivyo. Anzeni na uwezekano wa kukosa ree kabisa: 48/52 × 47/51 × 46/50, hivyo hivyo hadi karata ya saba, kisha mtoe jibu hilo kwenye 1. Inabaki kama asilimia 45. Kila karata ikitoka pakiti inapungua, na hapo ndipo watu huteleza.

Tafadhali:

1. Mchango ni shilingi 5,000 za chai na rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai). Umfikie mweka hazina kabla ya Ijumaa saa 12 jioni.
2. Mwenye pakiti kamili aje nayo. Jokeri ziacheni nyumbani, hesabu zetu ni za karata 52.
3. Jaribuni hili: ukivuta karata mbili, uwezekano wa zote kuwa ree? Ukipata 1/221, uko sawa.

Hatuchezi kwa pesa, wazazi wasiwe na wasiwasi.

Andikeni hapa "Nakuja" au "Sitaweza" kabla ya Alhamisi usiku, nijue viti vya kuazima.