Mwenye simu wa Dunga

Kisumu, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu sana, wewe na mama na wote wa hapo Bondeni. Huku sisi wazima, ila joto la Machi na mvua inayotishia kila siku isinyeshe. Swali lako la kitambaa nitalijibu mwisho. Kwanza nikupe kisa, maana mdomo unaniwasha tangu asubuhi.

Wakumbuka Desemba ulipokuja tukaenda Dunga kula samaki? Tulikaa pale ufuoni, ngege na ugali mezani, kinamasi tumekipa mgongo. Ukasikia mluzi kule nyuma, kisha kitu kama karatasi kavu inaparuzwa, ukasema, "Kuna mtu hapokei simu yake." Tulicheka mpaka ukapaliwa. Basi leo nimeonyeshwa mwenye simu.

Nilijiandikisha kwenye matembezi ya kutazama ndege. Saa kumi na mbili na nusu bodaboda ishanishusha, nimejitanda leso yangu nyekundu. Kijana wa kutuongoza, mzaliwa wa pale pale, akaniangalia, akasema kwa adabu, "Madam, hiyo leso ndege wataiona kabla sisi hatujawaona wao." Nikaikunja nikaitia mkobani. Tulikuwa watu saba na darubini tatu, kwa hiyo wajua mwenyewe yatakayofuata.

Kabla ya kufika majini hatukuhitaji kutafuta. Fundichuma yuko juu ya mti na lile jumba lake la vijiti, yangeyange wako miguuni mwa ng'ombe, kwera wanagombania viota. Mdiria mmoja wa madoa meusi na meupe alisimama hewani akipiga mbawa papo kwa papo, kisha akajiachia majini kama jiwe. Dudumizi nilimjua kwa sauti, nikajigamba kwamba huyu hata kwetu pwani tunaye. Kijana akatabasamu tu, akanipa darubini. Wa huku kichwa chake cheusi kinang'aa kibuluu! Nikanyamaza.

Halafu tukaingia kwenye mafunjo yenyewe. Wewe uliyaona kwa mbali ukasema ni majani. Shoga, yanamzidi mtu kimo mara mbili, na kila bua lina kichwa cha nywelenywele kama ufagio uliogeuzwa. Kijana alikata moja akanipa nilishike: lina pembe tatu, kijani nje, ndani jeupe na laini kama sponji. Mamake amesomesha watoto kwa mikeka na vikapu vya mabua hayo. Penye maji mengi mizizi haishiki ardhi, imefumana ikawa zulia linaloelea. Maji yanayotoka mjini yakipita humo huacha uchafu mwingi nyuma kabla ya kufika ziwani, na samaki wadogo hujificha humo wasiliwe. Zulia lenyewe si la kuaminiwa. Kiatu changu cha kushoto kilikwenda na matope, tukakiopoa kwa fimbo.

Nilikuwa bado nakisuuza ule mluzi ukatoka. Mtupu, kama mtu anapuliza mdomo wa chupa. Kijana akainua mkono, sote tukaganda, mimi na kiatu mkononi. Jibu likatoka upande wa pili, ile paruzo. "Si mmoja," akanong'ona. "Dume na jike, wanapokezana." Kumbe simu yako ni mtu na mkewe wanaitana!

Tulisimama karibu nusu saa. Mbu walitula, na wale wawili wakawa wanatuzunguka kwa sauti bila kujionyesha hata unyoya. Kisha bua moja likatikisika, akapanda mpaka juu. Kifua chekundu kama pilipili iliyoiva, utosi wa manjano ya dhahabu, mgongo mweusi tititi, mstari mweupe bawani. Bua likainama kidogo kwa uzito wake, akaruka. Sidhani zilifika sekunde tano. Na darubini wakati huo iko kwa bwana mmoja aliyekuwa akitazama upande mwingine! Nilimwona kwa macho yangu na miwani yenye ukungu.

Anaitwa gonoleki wa mafunjo. Wataalamu humwita Laniarius mufumbiri, kwa milima ya Mufumbiro kule mpakani mwa Uganda, Rwanda na Kongo. Mafunjo yakiondoka hana pa kuhamia, hawezi kusema ataishi kwenye miembe ya watu. Tulipokuwa tunarudi tulipita mahali palipochomwa ili palimwe, vishina vyeusi vimebaki, na kando yake sukuma wiki imeshika vizuri kabisa. Nilitaka kukasirika. Kijana akasema mwenye shamba anamjua, ana watoto watano. Kukata hakumsumbui yeye, mamake hukata, na yaliyokatwa huchipua tena. Kinachomuudhi ni moto, na wale wanaorudi kukata mahali pale pale kabla mabua hayajakomaa. Akasema hivyo akaendelea kutembea.

Ukija Agosti nitakupeleka, ila samaki tutakula baada ya matembezi. Njoo na viatu vya mpira. Darubini nitaazima, na safari hii sitampa mtu.

Na kitambaa cha sare ya harusi ya mdogo wako, chagua kile cha kijani. Wengine wakishikilia chekundu, wewe shona, lakini huku usije nacho.

Wako,
Rehema