Barua kwa mpwa wangu aliyekabidhiwa chumba cha mafaili

Mpwa wangu,

Mama yako alinipigia juzi usiku, hata salamu hakumaliza. "Mpwao amekuwa mkuu wa kitengo cha kumbukumbu hospitalini!" Nilimpongeza, nikakuombea dua, kisha nikabaki na simu mkononi. Mzigo huo naujua, nimeubeba miaka 19. Nakuandikia waziwazi ili na wenzako wasome, maana wengi hukabidhiwa idara hii bila mtu wa kuwashika mkono.

Mganga mfawidhi atakudai ripoti. Mhasibu atakudai fomu za bima zilizorudishwa kwa sababu ugonjwa ulioandikwa haulingani na dawa iliyotolewa. Wote wana haki. Lakini kazi yako inaanzia dirishani, pale karani anapomuuliza mgonjwa jina.

Nilikuwa na mwaka wa tatu kazini. Jumatatu, foleni imetoka nje mpaka kwenye mwembe. Akaja mama mmoja ana homa, kadi kaisahau nyumbani. Karani wangu akamuuliza, "Wewe ni fulani binti fulani?" Akaitikia. Faili likatoka haraka, likaenda kwa daktari, tukaendelea na wengine. Kumbe lilikuwa la mwanamke mwingine: jina hilohilo, jina la baba hilohilo, kata hiyohiyo. Faili la huyu mwenye homa lilikuwa bado rafuni, na juu ya jalada lake kwa wino mwekundu tulikuwa tumeandika: mzio wa penisilini. Muuguzi ndiye aliyemwokoa. Alikwisha kuivuta dawa kwenye bomba la sindano, akauliza kama alivyozoea, "Mama, kuna dawa inayokudhuru?" Yule mama akamtazama kwa mshangao. "Mbona mlishaandika?"

Maneno hayo mawili nayasikia mpaka leo. Yeye alitimiza wajibu wake, alitueleza, akatuamini. Sisi ndio tuliopoteza.

Tangu siku hiyo nilipiga marufuku swali la "wewe ni fulani?" Mtu mwenye homa huitikia lolote ili mradi foleni isogee. Aulizwe, "Unaitwa nani?" halafu anyamaziwe ajibu mwenyewe. Majina matatu, mwaka wa kuzaliwa, jina la mama yake, mtaa anaokaa. Hata kama mmeingia kwenye kompyuta, maswali ni hayohayo, kwa sababu kompyuta nayo itakuletea watu wanne wa jina moja na kukuachia uchague. Ukichoka ukamfungulia namba mpya mtu aliyekwisha kuwa na namba, umemgawa vipande viwili, na kila daktari ataona nusu yake.

Rafu usizipange kwa kufuata namba kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Mafaili mapya yote yatajazana kwenye rafu moja, na makarani nao wagongane hapohapo. Panga kwa tarakimu za mwisho. Faili namba 18-45-07 linakaa sehemu ya 07, ndani yake kundi la 45, kisha nafasi ya 18. Mafaili yatajigawa sawasawa chumba kizima, na kila karani atakuwa na sehemu yake ya kujibia. Faili likitoka, mahali pake ikae kadi: limekwenda wodi gani, kachukua nani, saa ngapi. Hata mganga mfawidhi aandikiwe kadi. Nimewahi kutafuta faili siku tatu, likapatikana kwenye droo ya daktari chini ya magazeti, na mgonjwa wakati huo alikuwa ameanzishiwa vipimo upya kwa fedha zake mwenyewe.

Sasa takwimu. Mwanzo wa mwezi, vitabu vya MTUHA, yaani rejista za taarifa za huduma za afya, vikikusanywa ili namba ziingie DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, utaona visanduku vitupu, na kuna mtu atakuambia "weka sifuri tumalize". Usiweke. Sifuri maana yake tulihesabu, hatukukuta. Kisanduku kitupu maana yake hatukuhesabu. Chukua kitabu chako uende wodini ukaulize.

Malaria hivyohivyo. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limeelekeza mgonjwa apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Ukikuta "malaria" kwenye kitabu namba 5, kile cha wagonjwa wa nje, bila jibu la kipimo, usiihesabu pamoja na zile zilizothibitishwa. Ukizichanganya, hutajua malaria imepanda kweli au vipimo viliisha, na dawa mseto zitaagizwa kwa namba ya kubuni.

Lakini hesabu ninayokusihi uilinde kuliko zote ni ya kina mama wanaofariki. Kifo cha uzazi hakiishii leba. Mwanamke akifa akiwa mjamzito, au ndani ya siku 42 tangu mimba kuisha, kwa sababu inayohusiana na ujauzito au matibabu yake, ni kifo cha uzazi. Aliyejifungua wiki nne zilizopita akaletwa usiku wodi ya wanawake na homa kali, akafa alfajiri, hutamkuta kwenye kitabu namba 12, kile cha wanaojifungua. Utamkuta ameandikwa "homa na upungufu wa damu", basi. Hakuna aliyeuliza kama ana kichanga nyumbani. Kwa hiyo kila faili la mwanamke wa umri wa kuzaa aliyefia wodi yoyote lipite mezani kwako kabla halijarudi rafuni, na umwulize aliyekuwa zamu.

Hapo utajipatia maadui. Mimi niliwahi kuombwa kifo cha aina hiyo "nikisogeze" mwezi unaofuata ili robo ya mwaka ionekane safi. Nilikataa, na mikono ilikuwa inatetemeka. Miezi kadhaa watu hawakuniitikia salamu. Lakini kikao cha kupitia kile kifo kilikaa, ikaonekana kwamba damu ilichelewa kwa sababu ufunguo wa jokofu ulikwenda nyumbani na mtu. Tangu hapo ufunguo ukawa hautoki nje ya jengo.

Watakuja pia na soda mkononi, wanataka kujua majibu ya mchumba wa dada yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Hata mimi mjomba wako nikiuliza habari za jirani yangu, ninyime.

Na makarani wako watunze. Wanavuta vumbi la mafaili kutwa nzima, na jina lao huwa halitajwi mpaka faili lipotee. Dai barakoa zao kabla hujadai kiti chako.

Jumatatu ukianza, ofisi iache imefungwa. Simama dirishani kuanzia saa 1:30 asubuhi mpaka saa 4. Chagua mafaili 20 yaliyoombwa, uandike kila moja limeombwa saa ngapi, limefika saa ngapi, na mangapi hayakuonekana kabisa. Jioni nitumie karatasi hiyo, nitakuwa nimekaa naisubiri.

Mjomba wako