Pointi tatu si maporomoko

Ndugu Mhariri,

Kila utafiti mpya wa maoni unapotoka, magazeti yetu huchukua asilimia ya wanaomkubali kiongozi, huilinganisha na ya mwezi uliopita, kisha hutangaza kwa herufi kubwa kwamba "ameporomoka". Mara nyingi pengo lenyewe ni pointi 2 au 3. Kwa pengo hilo hakuna awezaye kusema kwa uhakika kama kiongozi ameshuka au yuko palepale, na msomaji ana haki ya kuambiwa hivyo.

Hesabu ya kosa la sampuli, yaani kiasi ambacho asilimia inaweza kupotoka kwa bahati tu kwa kuwa wamehojiwa wachache badala ya wote, haimalizi dakika. Tafuta kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa, kisha gawa 100 kwa namba hiyo. Wakihojiwa watu 1,000, kipeuo ni kama 31.6, na jibu ni 3.2. Ndizo zile "pointi 3 juu au chini" zinazofichwa mwishoni mwa ripoti. Lakini kipimo hicho ni cha utafiti mmoja. Ukilinganisha miezi miwili, kila mwezi unakuja na kosa lake, kwa hiyo zidisha tena kwa 1.4, upate karibu 4.5. Kiongozi aliyekuwa na asilimia 46 akipata 43, pengo hilo limemezwa na kosa la sampuli. Akipata 40, hapo pana habari.

Wanaotoa idadi ya wasiomkubali kwenye ile ya wanaomkubali wajihadhari zaidi, kwani mtu mmoja akihama upande, tofauti hiyo husogea mara mbili. Kosa lake kwa watu 1,000 hufika pointi 6. Na mkitenga kundi dogo, tuseme vijana 150, kosa linapita pointi 8.

Wengine watasema: mbona tafiti tatu mfululizo zinaonyesha anashuka? Namba tatu zisizolingana zinaweza kujipanga kwa njia 6, na moja kati ya hizo ni ya kushuka tu. Maana yake, hata maoni ya wananchi yasipotikisika kabisa, bahati peke yake itachora ngazi ya kushuka mara 1 kati ya 6. Ngazi ya kupanda nayo vivyo hivyo.

Dawa ni kutazama mfululizo mrefu wa kampuni ileile. Kampuni moja humruhusu mhojiwa kusema "sijui", nyingine humbana achague. Moja hupiga simu, nyingine hubisha hodi mlangoni. Kuweka namba za kampuni hizo mbili kwenye mstari mmoja ni kupima kitambaa kwa futi mbili zisizolingana. Lakini kampuni ambayo kila mara huelemea upande mmoja bado inaweza kuonyesha mwelekeo vizuri, mradi isibadilishe swali wala njia ya kuhoji. Chukua wastani wa tafiti zake tatu za karibuni, uulinganishe na wa tatu zilizotangulia: kwa watu 1,000 kila utafiti, pengo linalohitajika hushuka hadi pointi 2.6 hivi.

Mabadiliko ya kweli yapo, tena ya aina mbili. Septemba 2001, baada ya Marekani kushambuliwa na magaidi, kipimo cha Gallup, kampuni ya utafiti wa maoni ya huko, kwa Rais George W. Bush kiliruka kutoka asilimia 51 hadi 90 ndani ya wiki mbili. Hapo fomula haihitajiki. Kufikia Oktoba 2008 alikuwa na asilimia 25, na sehemu kubwa ya safari hiyo ilikwenda polepole, mwezi hadi mwezi bila pengo la kuthibitishika. Mteremko wa namna hiyo hauonekani ila kwa kuzipanga tafiti za miaka.

Kwa hiyo naomba kila mnapochapa asilimia, chapeni pia idadi ya waliohojiwa, tarehe na njia ya kuhoji, swali lenyewe neno kwa neno, na matokeo ya miezi sita nyuma ya kampuni hiyohiyo.

Msomaji wenu,
Mtakwimu